Sahihi kutoka Kilambo

Kwa kuwa nauza dawa, nimezoea kuvitilia shaka vitu vinavyong'aa. Boksi likija jipya kupita kiasi nalisogeza kwenye mwanga, nasoma maandishi madogo ya ubavuni, natazama kama herufi zimekaa sawa au zimepinda. Dawa bandia mara nyingi huwa nzuri kwa macho kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo siku niliyofunua kitabu kile katika duka moja la Mikindani na kuona sahihi ya mwandishi wangu imekaa pale, ya buluu, mbichi kama imeandikwa asubuhi ileile, sikufurahi. Niliguna.

Namwita mwandishi wangu ingawa sikuwahi kumwona. Aliandika habari za safari, kwa Kiswahili, enzi ambazo masika yakianza barabara za kusini zilikuwa hazipitiki na mtu wa Mtwara kufika Songea lilikuwa jambo la kusimuliwa. Alitembea kwa miguu, alidandia malori, alilala kwa watu asiowajua. Kitabu chake cha kwanza nilikisoma nikiwa na mimba ya mwanangu mkubwa, mkunga kaniamuru nilale nisiinuke. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alikiokota katika nyumba ya wageni Masasi, hakina jalada, akaniletea akidhani ni hadithi ya mapenzi. Nikasafiri na kitabu kile nikiwa kitandani, kuanzia mdomo wa Ruvuma mpaka nyuma ya Tunduru, mimi ambaye hadi leo Songea sijaiona.

Baada ya hapo nikaanza kuvitafuta vingine. Vitabu vyake havifiki kumi, lakini kila kimoja kilichapwa mara kadhaa, na kadiri kilivyochapwa ndivyo kilivyopunguzwa. Ukurasa huu umetoka, aya ile imelainishwa. Ndipo nikaona afadhali chapa ya kwanza, pamoja na makosa yake yote. Nilivipata kwa walimu wastaafu, kwenye mitumba, kwenye mafurushi ya karatasi yaliyokuwa yakisubiri kufungia karanga. Vichache vilikuwa na sahihi yake, na hivyo nilivionea wivu hata kuwaazima watu sikukubali. Alikuwa na mtindo wake. Anaandika jina, anapiga mstari chini yake wenye mawimbi mawili, kisha anaandika mahali alipo. Newala. Ndani ya lori, Tunduru. Tarehe hakuandika kamwe.

Watu walisema amekufa. Mmoja aliniambia alizama mtoni, mwingine alisema amezikwa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Tangu wanangu wako shule ya msingi hakikutoka kitabu kipya. Mimi nikaamini amekufa, na nikamwombea.

Sasa kitabu hiki. Mwenye duka ni mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Mikindani vizazi na vizazi. Anauza vitambaa, kufuli, taa za chemli ambazo hazinunuliwi tena, na kwenye rafu ya juu kabisa anaweka vitabu vikuukuu. Alikuwa na tasbihi mkononi, akiihesabu huku akinitazama.

"Mzee, hiki umekipata wapi?"

"Kimeletwa, mama."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Sahihi hii ni mpya. Mwenyewe alishakufa zamani."

"Mimi nauza kitabu, mama. Wino siuulizi umri."

Nikalamba kidole nikagusa mkia wa ule mstari. Ukachafuka, kidole kikatoka na buluu. Mzee akainuka kwenye kiti kana kwamba nimemwaga mafuta ya taa juu ya vitambaa vyake. "Umeharibu! Aliyeharibu hununua!" Nikanunua. Nilikuwa nimeshakusudia kununua, ila sikutaka ajue.

Nyumbani nilikiweka karibu na vyangu vya zamani. Chapa ilikuwa ya kwanza kweli, karatasi zake zimepiga manjano kama inavyopasa. Sahihi ndiyo iliyonisumbua. Jina lilikuwa jina lake, mawimbi yalikuwa mawili, lakini herufi zote zililalia kushoto na mkono ulitetemeka, kama wa mtu anayenakili taratibu akichelea kukosea. Chini yake pameandikwa Kilambo, kijiji cha kando ya Ruvuma.

Nikajiambia, mzee yule kapata chapa ya kwanza isiyo na sahihi, akaona aipe thamani. Nikakumbuka kwamba pale kaunta yake palikuwa na kopo la peni za jeli. Wiki iliyofuata nikaenda kununua peni moja, nikajitia naihitaji dukani. Nikaandika nayo kwenye kipande cha karatasi na kukiweka kando ya sahihi. Buluu ileile. Nilihisi ushindi mchungu, ule ninaousikia nikigundua vidonge ni chaki.

Kabla sijajua nimfanye nini, akaleta kingine. Alinipigia simu mwenyewe, sauti imejaa adabu. Kitabu cha safari ya visiwa, chapa ya kwanza, sahihi ya buluu, Kilambo. Nikaenda dukani kukitazama. Safari hii mkono ulitetemeka zaidi.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ni mtu wa sala."

"Alhamdulillahi."

"Basi niambie. Anayetia sahihi hizi ni nani?"

Akaiweka tasbihi chini. Niliona amekasirika, lakini hasira yenyewe haikuwa ya mtu aliyefumaniwa, na hilo likanitia shaka upya. "Mama, yupo mwanamke analeta. Kaniomba nisimtaje. Mimi nimempa ahadi. Anakuja na korosho, siku za gulio. Ukitaka kusimama nje ya duka langu, barabara si yangu."

Nikasimama nje ya duka lake. Dukani kwangu nilimwachia dada yangu, nikamwambia nina miadi. Mwanamke alifika jua limeshapanda, ndoo ya korosho kichwani, mfuko wa kitambaa begani. Alikuwa wa rika langu au mdogo kidogo, mwembamba, anatembea kama mtu aliyezoea mchanga. Alipotoka mfuko umelegea, nikamfuata mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa gofu la zamani. Akageuka kabla sijamwita.

"Unanifuata nini?"

"Shwari, dada? Nataka kukuuliza kuhusu vitabu."

"Wewe wa selikali?" Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mtoni, r imegeuka l, na maneno yamekaa kwa mpangilio wa Kimakonde. Tangu amani ilipoharibika ng'ambo, watu wenye asili ya Msumbiji wanaokaa karibu na Ruvuma wameulizwa maswali mengi, wengine hapa wamezaliwa. Nikamwambia nauza dawa Ufukoni, pale Mtwara mjini, sina serikali.

"Nataka kujua nani anavitia sahihi."

"Mwenye vitabu."

"Mwenye vitabu amekufa."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Amekufa? Basi njoo umwambie mwenyewe. Mimi amenisumbua tangu alfajili anataka uji."

*

Sikumwamini. Nilifikiri ananivuta nikaibiwe mtoni. Hata hivyo nilikwenda, kwa bodaboda ya jirani yangu ninayemfahamu, na kwenye mkoba nilipakia vitabu vyangu vyote vyenye sahihi, nimevifunga kwa khanga. Nilitaka kuvilinganisha papo hapo, mbele ya huyo anayejiita mwandishi. Karibu na Kilambo mwenyekiti wa kijiji akanisimamisha, akataka kujua natoka wapi, naenda kwa nani, na mkobani mna nini. Nilipomwambia vitabu, hakuniamini mpaka alipovifungua mwenyewe, kimoja kimoja, akavipekua kana kwamba noti zitadondoka. "Kwa yule mzee wa kupooza," akasema. "Anapokea wageni kama wewe?"

Nyumba ilikuwa juu ya kilima kidogo, mbali kiasi na mto kwa kuhofia mafuriko, ukuta wa udongo, bati jipya. Yule mwanamke alinipokea kwenye uwanja, akanipa maji. Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati, palikuwa na mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu. Mdomo umevutwa upande. Picha ya nyuma ya vitabu ni ya kijana mrefu mwenye ndevu, anacheka. Huyu hakuwa na ndevu na hakuwa anacheka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Wote husema hivyo. Watoto wa mke mkubwa? Wachapaji?"

"Mimi ni msomaji."

"Ah," akasema, na sauti yake ikazidi kuwa na mashaka. "Msomaji. Hao ndio wabaya."

Nikaamua kumpima. Katika kitabu cha mto kuna mbwa aliyemfuata kutoka Newala mpaka bondeni, wakawa wanagawana muhogo, mwisho mamba akamchukua. Nilimlilia mbwa yule mimba ikanicheza tumboni. Nikamuuliza, "Babu, yule mbwa wako wa bondeni alikuwa na rangi gani?"

"Hapakuwa na mbwa."

"Kitabuni yupo."

"Kitabuni yupo. Njiani hakuwepo. Msomaji anataka mtu wa kumhurumia, na mimi sikutaka anihurumie mimi."

Tapeli angesoma kitabu akanijibu: mweusi, mwenye baka jeupe kifuani. Lakini tapeli mjanja zaidi angejibu hivihivi alivyojibu. Sikujua nimepima nini.

Binti yake (ndivyo alivyokuwa yule mwanamke, binti yake wa mke wa mtoni) alileta kitabu kutoka kwenye sanduku la bati, akakishika wazi juu ya goti la mzee. Mzee akachukua peni kwa mkono wa kushoto. Nikaona kwa macho yangu jina likitoka, herufi baada ya herufi, limelalia kushoto, linatetemeka. Nikaelewa kwamba mzee wa Mikindani hakuwa na kosa. Peni zilinunuliwa kwake tu. Vitabu vilikuwa vya mwandishi mwenyewe, nakala alizopewa zamani na wachapaji, na binti alikuwa akivitoa kidogo kidogo ili baba apate dawa za shinikizo la damu.

"Haya," akasema mzee. "Na wewe toa vyako. Nimeona umevikumbatia kama mtoto."

Nikafungua khanga. Akawa anatazama, binti anamfunulia.

"Changu. Hiki changu. Hiki nilikuwa na homa, ona. Hiki changu."

Kisha akafika kwenye kile cha Lindi, chenye neno Lindi chini ya sahihi.

Kile ndicho nilichokipenda kupita vyote. Mume wangu aliniletea. Alisafiri na mzigo kwenda Lindi, akachelewa kurudi siku kadhaa, akasema gari liliharibika njiani. Aliporudi akanikabidhi kitabu kimefungwa kwenye gazeti, akasema amemkuta mwandishi kwenye mgahawa, akamwomba, akatiliwa sahihi. Mume wangu sasa ni marehemu. Kitabu kile nilikiweka peke yake, mbali na vingine, na wageni sikuwagusisha.

"Hiki si changu," mzee akasema.

"Tazama vizuri, babu."

"Mwanangu, mkono umekufa, macho hayajafa. Kitabu ni changu. Sahihi si yangu." Akanyoosha kidole cha kushoto. "Mimi nilijifunza kuandika chuoni, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya shule. Mstari wangu naupiga kutoka kulia kwenda kushoto, sijawahi kuacha. Tazama wino ulipoanzia. Hapo mwanzo huwa mzito."

Nikatazama. Katika vitabu vyote vingine uzito wa wino ulikuwa kulia. Katika hiki ulikuwa kushoto. Mimi ninayesoma ubavu wa kila boksi nilikuwa sijauona.

"Na Lindi sikuwahi kutia sahihi," akaongeza. "Lindi kulikuwa na mtu ananitafuta. Nilipita nimejifunika."

Sikumbuki niliaga vipi. Njia nzima nyuma ya bodaboda nilikuwa nabishana naye kimoyomoyo. Nilitaka awe mwongo. Kama yule ni tapeli aliyepooza ambaye binti yake amepata sanduku la vitabu vya watu, basi neno lake si kitu, na mume wangu alikutana na mwandishi kwenye mgahawa kama alivyosema. Kama yule ndiye, basi mume wangu alinidanganya. Na kama alinidanganya kuhusu sahihi, alikuwa wapi siku zile?

*

Kumshuku marehemu ni kazi mbaya. Aliye hai unaweza kumtazama machoni ukampikia na kungoja ateleze. Marehemu hajibu, na kila unachokumbuka kinageuka. Nilikumbuka kwamba safari ile alirudi na sabuni ya harufu nzuri, akasema ya nyumba ya wageni. Nilikumbuka alivyonitazama nikifunua kitabu, nami nikadhani ni furaha. Wakati ule nilikuwa mwanamke asiyeuliza. Sasa nikawa naamka na swali, nafungua duka na swali, nahesabia watu vidonge na swali. Dada yangu akaniambia, "Mtu ameshatangulia, muache apumzike." Nikamwambia anayetaka kupumzika ni mimi.

Alikuwepo mmoja tu wa kumuuliza: aliyekuwa utingo wake miaka ile yote. Siku hizi ni mtu mzima mwenye wajukuu, ana mgahawa Madimba, kando ya barabara inayokwenda kwenye mtambo wa gesi. Nilimkuta anakanda chapati, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji! Leo umepotea njia?"

Akaniwekea chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Sikuzunguka. Nikaweka kitabu mezani.

"Hiki unakikumbuka?"

Akakitazama bila kukigusa. "Cha Lindi hicho. Kaka alikutana na yule mwandishi, akamtilia sahihi. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, shemeji. Kwa macho yangu."

"Alikuwa mnene au mwembamba?"

Akafikiri. "Mnene. Mnene wa wastani."

"Wewe," nikamwambia, "mtu yule tangu ujana wake ni mwembamba kama bua la mtama. Picha yake iko nyuma ya kitabu hiki hiki."

Akakung'uta unga, akaketi mbele yangu. Mteja mmoja akaita chai, akamwambia ajihudumie.

"Kaka alinikataza," akasema. "Nilimwapia."

"Kulikuwa na mwanamke?"

"Mwanamke?" Alishtuka kweli. "Astaghafiru! Shemeji, laiti ingekuwa mwanamke, ningekuwa nimelala usingizi siku zile. Alinitembeza Lindi nzima. Kila nyumba ya wageni, kila mgahawa, mpaka bandarini. Kasikia mwandishi yuko Lindi, basi. Gari zima kabisa, limesimama na mzigo wa watu, tajiri mwenye lori anapiga simu, kaka anaulizia mtu wa vitabu."

"Na hakumpata."

"Tungempataje? Kila mtu anasema kapita, hakuna aliyemwona. Mwisho akanunua hiki kwa mchuuzi, hakina sahihi, tukakaa mgahawani. Kaka akatoa kile kitabu chako kingine, kile cha Newala. Alikuwa amekichukua kwa siri, kakificha ndani ya shati, eti amwonyeshe mwandishi jinsi mkewe anavyotunza vitu vyake."

Kitabu cha Newala. Nilikumbuka nilivyokitafuta wiki ile nyumba nzima, nikawalaumu panya, nikamlaumu na mama mkwe.

"Akakiweka mbele yake," utingo akaendelea, "akaomba karatasi za kufungia mandazi, akaanza kujifunza. Anaandika, anachana. Anaandika, anachana. Mwenye mgahawa akadhani tunafanya mambo ya hundi, akatufukuza. Tukaenda kwenye lori, akaendelea juu ya usukani. Nikamwambia, kaka, si umwambie tu shemeji kwamba hukumpata? Akasema, nikirudi mtupu ataniambia hapana neno, na hapo ndipo nitakapoumia."

Nilitaka kulia, na wakati huohuo kichwa changu cha dukani kilikuwa kinafanya kazi yake: mtu huyu amenidanganya sasa hivi, uso mkavu, kuhusu mtu mnene. Nini kinamzuia kudanganya mara ya pili? Wanaume wa barabarani hufichiana. Hadithi hii ni nzuri, inampendeza mjane. Dawa bandia.

"Mandazi mlikula?" nikamuuliza ghafla.

"Yalikuwa yamechacha. Kaka aliyarudisha, wakagombana."

Nilicheka kabla sijajizuia. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Mume wangu hakuweza kula kilichochacha na hakuweza kunyamaza. Mtu akitunga uongo wa kumsitiri rafiki yake hamtungii ugomvi wa mandazi.

Akaniambia pia kwamba kidole cha kaka kilikuwa kimejaa wino, wakakiosha kwa dizeli nisije nikaona. Hilo halikunisaidia kitu. Mume wangu alinuka dizeli siku zote za ndoa yetu.

Niliporudi Ufukoni nilimkasirikia mume wangu. Niseme ukweli, sikuguswa tu. Nilikasirika kwamba aliniona mtu wa kubembelezwa kwa sahihi ya uongo, na kwamba kwa miaka yote ile alipokuwa akinipita mbele ya rafu aliona ninavyokiheshimu akanyamaza. Angeniambia hata uzeeni tungecheka. Hasira hiyo ilikaa nami muda. Ilipopungua nilibaki na picha ya mtu mzima mwenye mikono ya lori, ameinama juu ya usukani anajifunza mawimbi mawili, na kila akichora anaanzia upande usio wa mwandishi.

*

Nilirudi Kilambo kumwambia mzee kwamba alisema kweli. Nilimchukulia na dawa zake za shinikizo, nikazikagua mara mbili kabla ya kuzifunga. Safari hii mwenyekiti alinipungia mkono tu.

Mzee alikuwa amelala ndani. Binti alikuwa uwanjani kwenye jamvi, anabangua korosho, majivu yamemjaa mikononi ili utomvu usimuunguze. Nikaketi, nami nikapaka majivu. Nikamsimulia yaliyotokea Madimba. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Wako alikudanganya akitaka kukupa kitu," akasema mwisho. "Wewe una bahati."

Tukaendelea kubangua. Kisha akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu. Kitabu cha mto, chapa ya kwanza, bado hakijatiwa sahihi.

"Wewe umevisoma vyote?"

"Vyote. Mara nyingi."

"Mimi shule nilisoma Kileno, ng'ambo. Kiswahili cha vitabu kinanichosha. Na sikuvitaka. Vitabu hivi ndivyo vilikuwa vinamchukua baba. Anakuja, anakaa kidogo, anaondoka kwenda kuandika. Mama alipoumwa hakuwepo. Nikimuuliza sasa anasema alitukumbuka kila siku, anasema ametuandika humo." Akanisogezea kitabu. "Baba yangu namjua. Nataka uniambie wewe. Tumo?"

Nilijua vitabu vile kama ninavyojua rafu za dukani. Mke wa mtoni hayumo. Mtoto hayumo. Lakini nilikumbuka aya moja, ambayo chapa za baadaye ziliitoa, nikaitafuta. Anafika mtoni maji yamejaa. Mwanamke wa ng'ambo hii anampa uji na kumkataza kuvuka, anamwambia angoje maji yapungue. Hamsikii, anavuka, anapoteza viatu. Basi. Nikamsomea polepole.

Aliposikia habari ya viatu akaweka mkono mdomoni. "Mama alikuwa anasimulia hiyo. Alimkataza. Akalejea peku."

"Basi huyu ni mama yako."

"Ana mtoto mgongoni?"

Nikasoma tena, ingawa nilikwishajua. Kwa sekunde chache nilimwona mume wangu na peni yake, nikaona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, naye hangekagua.

"Hana," nikasema. "Hapa yuko peke yake."

"Siku ile nilikuwa mgongoni. Mama alisema nililia mpaka baba alipofika katikati ya maji." Alisema bila kulalamika. "Soma tena."

Nikasoma tena. Alipotosheka alikichukua kitabu, akafuta jalada kwa khanga yake mahali majivu yalipodondokea.

"Hiki Mikindani hakiendi," akasema.

Huko ndani mzee akaamka, akakohoa, akaita maji. Binti alibaki ameketi kwa muda akitazama ukurasa, kidole chake kinatafuta mahali nilipokuwa nikisoma. Nikamwonyesha. Mzee akaita tena, na ndipo alipoinuka.